Alfa, omega, kurudia dodoso au kapa: uchague ipi unapopima mawasiliano ya watu

"Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu, alfa yangu imetoka hasi, nifute swali lipi?"

Meseji hiyo nilitumiwa saa tano usiku na mdogo wangu mmoja anayesoma masta ya mawasiliano, na kesho yake asubuhi alikuwa na kikao na msimamizi wake. Kazunguka wiki tatu kugawa dodoso, kapata watu wake, kaingiza majibu yote kwenye kompyuta kwa mkono, alafu programu inamletea namba yenye alama ya kutoa mbele. Nikamjibu marahaba, usifute kitu chochote, nitumie faili kwanza nilione. Faili lake nitalirudia huko mbele. Ila lile swali lake ndo limenifanya nikae niandike, kwasababu naona watu wengi wanaotafiti mawasiliano ya mtu na mtu, iwe wanandoa, marafiki, mama na binti yake au daktari na mgonjwa, wanajua kipimo kimoja tu cha kuaminika (yaani namba inayoonyesha majibu ya dodoso yanaweza kutegemewa kiasi gani, kwa kawaida kati ya 0 na 1), alfa ya Cronbach, na ikivuka 0.70 wanafunga laptopu wanalala, ikiwa chini wanaanza kufuta maswali moja moja mpaka namba ikubali.

Mimi nakwambia hivi, kabla hujachagua jiulize kosa kwenye data yako linaweza kuingilia wapi. Linaweza kuingilia kwenye maswali, yaani maswali kumi uliyoyaweka pamoja hayasemi lugha moja. Linaweza kuingilia kwenye muda, mtu anajibu hivi leo na wiki mbili baadae anajibu vingine wakati yeye mwenyewe hajabadilika. Au linaweza kuingilia kwa watu wanaotazama na kusimba, yaani kuandika alama kwa kila tendo wanaloliona, huyu anaona ugomvi pale ambapo mwenzake anaona utani. Alfa na omega zinaangalia maswali, kurudia dodoso kunaangalia muda, kapa (kappa, kipimo cha kukubaliana) na wenzake wanaangalia watazamaji. Ukitumia kipimo cha maswali kujibu swali la muda utapata namba nzuri kabisa ambayo haihusiani na shida yako.

Alfa na omega, hapa ndo watu wengi mko

Lee Cronbach alichapisha makala yake ya alfa mwaka 1951. Fomula yenyewe ilikuwa na ndugu zake kabla, Kuder na Richardson walikuwa na yao ya maswali ya sahihi na kosa mwaka 1937, Guttman naye 1945, ila jina lililobaki midomoni ni la Cronbach. Kinachofanyika ni rahisi kuelewa: alfa inaangalia maswali yako yanavyopanda na kushuka pamoja, na inaangalia yako mangapi. Hicho cha pili watu wanakisahau na ndo kinachowadanganya.

Chukua mfano wa namba, fanya na wewe kwenye karatasi. Tuseme kila swali lina korilesheni (kiasi cha kwenda pamoja, 0 hayahusiani, 1 yanakwenda sawia kabisa) ya 0.30 na kila swali lingine, ambayo ni ya kawaida tu, wala sio kubwa. Ukiwa na maswali 3 alfa inatoka 0.56. Ukiwa na 6 inatoka 0.72. Ukiwa na 10 inatoka 0.81, na ukiwa na 24 inafika 0.91. Maswali ni yale yale kwa ubora, kilichoongezeka ni idadi tu. Kwahiyo yule mwenye dodoso refu anayejisifu kwa 0.91 na yule mwenye maswali matatu anayelia na 0.56 wanaweza kuwa na maswali yenye ubora sawasawa.

Ndo maana kile kipimo cha James McCroskey cha woga wa mawasiliano, PRCA-24, ambacho wanafunzi wetu wanakipenda, kikichukuliwa chote kwa pamoja huwa kinatoa alfa za juu sana. Kina kauli 24, sita za mijadala ya kikundi, sita za mikutano, sita za mazungumzo ya watu na sita za kuhutubia. Ila wewe kama mada yako ni mazungumzo ya mtu na mtu basi unatumia zile sita tu, na alfa ya kuripoti ni ya zile sita, sio ile ya 24 uliyoisoma kwenye makala ya Wamarekani. Nimeshaona tasnifu ambapo mtu katumia sita alafu karipoti namba ya 24 kutoka kwenye makala ya mtu mwingine, na hakuna aliyemshtua mpaka siku ya kutetea.

Na hii naomba uishike vizuri: kuaminika sio mali ya dodoso, ni mali ya alama ulizozipata wewe kwa watu wako. Dodoso lile lile likipelekwa kwa wanafunzi wa chuo West Virginia na likipelekwa kwa akina mama wa sokoni Temeke yanatoka mambo mawili tofauti, hivyo namba ya kuazima haikusaidii kitu, piga ya kwako.

Sasa omega. Roderick McDonald ndo mwenye omega na watu wengi sasa hivi wanaipendelea, nami nipo upande wao. Tofauti yake naielezaga na daladala iliyokwama kwenye matope. Abiria sita wameshuka wanasukuma. Alfa inadhani wote sita wanasukuma kwa nguvu sawa. Omega inampima kila mmoja, huyu anasukuma kwelikweli, yule kaweka mkono tu, alafu inakwambia nguvu ya kundi zima kwa ukweli wake. Kwenye madodoso yetu maswali hayasukumi sawa hata siku moja, lazima kuna swali moja limegusa moyo wa jambo na jingine limekaa pembeni. Maswali yasipolingana nguvu, na makosa yake yasipofungamana, alfa inakuwa chini ya ukweli. Makosa yakifungamana, kwa mfano maswali mawili yameandikwa karibu kwa maneno yale yale, alfa inaweza kupaa juu ya ukweli.

Cronbach mwenyewe mwishoni mwa maisha yake alikuwa ameshabadili mawazo, makala yake ya mwisho kuhusu alfa ilitoka 2004, yeye akiwa amefariki 2001, na humo anasema haoni tena kwamba alfa ndo njia inayofaa zaidi kwa data nyingi. Na kwenye fani yetu ya mawasiliano Andrew Hayes na Jacob Coutts waliandika mwaka 2020 wakihimiza watu watumie omega, huku wakikubali kwamba mara nyingi namba mbili hizi zinakaribiana sana. Kwahiyo usitegemee omega ikuokoe, kama alfa yako ni 0.52 omega haitakuwa 0.85.

Ukiniuliza uchague ipi: kama una maswali matatu au zaidi na sampuli inayoeleweka, piga omega, weka na alfa pembeni kwasababu msomaji na mtahini wako wameizoea. Programu za takwimu za JASP na jamovi ni za bure na zinatoa zote mbili kwenye menyu moja, unabofya visanduku viwili basi, R nayo ipo ukiwa na uvumilivu. Kama una maswali mawili tu usipige alfa, tumia Spearman-Brown, ile fomula ya mwaka 1910, ndo inayofaa kwa maswali mawili. Korilesheni ya maswali mawili ikiwa 0.60 Spearman-Brown inakupa 0.75.

Ile njia ya kugawa dodoso nusu kwa nusu sitaizungumzia sana, unagawa maswali makundi mawili unalinganisha, shida yake ni kwamba ukigawa kwa namna nyingine unapata namba nyingine. Ilikuwa na maana wakati watu wanapiga hesabu kwa mkono. Siku hizi iache.

Alfa ya juu haikwambii unapima kitu kimoja

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo kosa linalonisumbua zaidi. Mtu anaandika "alfa ni 0.78, hii inaonyesha kipimo kinapima dhana moja." Haionyeshi hivyo. Fanya hesabu hii: una maswali 12. Sita ya kwanza ni ya uaminifu kwa mwenza, sita ya pili ni ya ucheshi. Ndani ya kila kundi korilesheni ni 0.50, na kati ya kundi moja na jingine ni sifuri kabisa, havihusiani hata chembe. Piga alfa ya yote 12. Inatoka 0.78! Vitu viwili visivyojuana vimeingia kwenye kapu moja na alfa imevipitisha.

Kwahiyo uchanganuzi wa fakta, ule unaoonyesha maswali gani yanajikusanya kundi moja, unatangulia, kuaminika kunafuata, na unapiga kwa kila kundi peke yake. Mfano mzuri ni kile kipimo cha Wheeless cha kufunguka kwa mwenzako, kumwambia mambo yako binafsi, cha mwaka 1978, kina kauli 31 na sehemu tano: unakusudia kusema, unasema kiasi gani, unasema mazuri au mabaya, unaingia kwa kina kiasi gani, na unasema kwa ukweli kiasi gani. Mtu anaweza kuwa anaongea sana kuhusu yeye lakini hasemi la ukweli hata moja, tunawajua watu wa hivyo. Ukijumlisha sehemu zote tano ukapiga alfa moja umemchanganya huyo na yule anayesema machache ya kweli. Alama tano, omega tano.

Na ikizidi sana nayo iangalie. Alfa ya 0.96 kwenye maswali 8 mara nyingi maana yake umeuliza swali moja mara nane kwa maneno tofauti tofauti, mhojiwa anachoka na wewe hujaongeza kitu.

Faili la mdogo wangu

Alitumia zile kauli sita za mazungumzo. Kwenye PRCA-24 kauli tatu kati ya hizo zinasema una wasiwasi na tatu zinasema huna, kwahiyo kabla ya kujumlisha lazima zile tatu uzigeuze, 1 iwe 5, 2 iwe 4, na kadhalika. Hakugeuza. Ukirudi kwenye mfano wa korilesheni ya 0.30, kauli sita zilizogeuzwa vizuri zinatoa 0.72, zile zile zisipogeuzwa zinatoa karibu -0.51. Hiyo hasi ilikuwa inamwambia kuna kauli zinavuta huku na nyingine kule. Angefuta maswali angebaki na matatu ya upande mmoja, alfa ingepanda, angefurahi, na kipimo kingekuwa kimeharibika.

Tukageuza. Ikawa chanya ila bado haikuwa nzuri. Nikamuomba anitumie dodoso lenyewe la Kiswahili, kufungua tu nikaiona shida. Kauli moja aliitafsiri "Siogopi kutoa maoni yangu kwenye mazungumzo", na majibu yanaanzia "Nakubali kabisa" mpaka "Sikubali kabisa". Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama aliyepewa hiyo karatasi huku anapika. Yeye anaogopa. Anatakiwa ajibu "sikubali kwamba siogopi". Kukanusha mara mbili, kichwa kinazunguka, wengi wanaweka alama pale wanapoona neno la kuogopa wakijua wamejibu kwamba wanaogopa. Kiingereza cha kauli ile kinabeba ukanushi kwenye neno moja dogo kabla ya woga na msomaji wake anapita, kwetu ukanushi umekaa mwanzoni mwa kitenzi na mwanzoni mwa jibu, vinagongana.

Ukipata hali kama hiyo, kuna njia mbili na naziweka hapa kwa usawa. Unaweza kuandika upya kwa mkao wa kukubali, "Huwa najisikia huru kutoa maoni yangu kwenye mazungumzo", alafu unaitafsiri kurudi Kiingereza na mtu mwingine ambaye hajaona ya mwanzo, ule utaratibu aliouandika Brislin mwaka 1970, na unaripoti wazi kwamba umebadilisha. Au unaibakiza kama ilivyo, unaripoti alfa ya chini, unaeleza kwanini. Ya kwanza ni bora kama bado hujakusanya data. Ya pili ndo pekee yenye ukweli kama umeshakusanya. Kuifuta kimya kimya sio njia.

Kuna na suala la adabu. Watu wetu wengi mgeni akija na karatasi ya chuo wanakubali, kila kauli nakubali, nakubali, kwa heshima tu ya mgeni. Kama kauli zako zote ziko upande mmoja tabia hiyo inapandisha alfa, na utadhani kipimo ni kizuri kumbe unapima ukarimu wa wenyeji. Kuchanganya kauli za pande mbili kunaifichua tabia hiyo lakini kunashusha alfa. Mimi nachanganya, na nakubali namba ishuke.

Kurudia dodoso: ni ghali, ila kuna mahali hakuna mbadala

Unampa mtu dodoso leo, unampa tena baada ya wiki mbili au nne, unalinganisha. Gharama yake inajulikana, nauli mara mbili, watu wanahama namba za simu, nusu hawarudi. Kwahiyo wengi wanakimbia. Lakini angalia kile kipimo cha upweke cha UCLA, toleo la tatu la Daniel Russell la mwaka 1996 lenye maswali 20. Alfa zake ziko kati ya 0.89 na 0.94. Kurudia baada ya mwaka mzima kulitoa 0.73. Namba mbili tofauti kabisa na zote ni sahihi, moja inasema maswali yanakwenda pamoja, nyingine inasema mtu mpweke mwaka huu ana uwezekano mkubwa wa kuwa mpweke mwakani, japo sio wote. Ukiripoti 0.94 pekee kwa mtu anayetaka kujua kama upweke unadumu, hujamjibu.

Alafu kuna vipimo vya swali moja. Kile cha Arthur Aron na wenzake cha 1992 kinaonyesha michoro saba ya duara mbili, moja ni wewe moja ni mwenzako, kwenye mchoro wa kwanza zimegusana tu na kila ukienda zinaingiliana zaidi, unachagua mchoro unaofanana na uhusiano wenu. Ni kizuri mno kwa watu wasiopenda kusoma maandishi mengi. Lakini ni swali moja, alfa haipigiki, omega haipigiki, umebaki na kurudia tu au kulinganisha na kipimo kingine cha ukaribu. Usiandike alfa ya swali moja, nimeiona imeandikwa.

Kabla ya kuchagua njia hii jiulize kama kitu unachopima kinatakiwa kitulie. Woga wa kuongea ni tabia, hautegemewi kubadilika ndani ya wiki tatu, kurudia kunafaa. Hasira baada ya ugomvi wa jana haitulii, ukirudia wiki ijayo ukapata 0.20 hujui kama dodoso ni bovu au watu wamepatana. Na muda nao, siku mbili ni mapema sana mtu anakumbuka alichojibu, miezi sita maisha yamebadilika.

Kosa la kiufundi lililo kubwa hapa ni kutumia korilesheni ya kawaida ya Pearson. Watu watano walipata 50, 60, 70, 80, 90. Mara ya pili wakapata 60, 70, 80, 90, 100. Pearson inakupa 1 kamili, safi kabisa, wakati kila mtu kapanda pointi kumi! Tumia ICC (intraclass correlation, korilesheni inayoangalia pia kama alama zenyewe zinalingana), ile ya kukubaliana kamili, itaiona hiyo tofauti. Shrout na Fleiss walizipanga aina zake mwaka 1979, na kwenye ripoti taja ni aina gani umetumia maana ziko nyingi na zinatoa namba tofauti kwa data ile ile.

Mkiwa mnatazama na kusimba

Wengine hamgawi dodoso, mnarekodi mazungumzo ya wanandoa dakika kumi alafu watu wawili wanatazama na kuhesabu, hapa kamkatiza, hapa kakwepa kumuangalia. Swali la alfa ya Cronbach halipo tena, swali ni kama watazamaji wanaona kitu kile kile.

Wengi wanaripoti asilimia ya kukubaliana. Vipande 100 vya video, wamekubaliana 90, wanaandika asilimia 90 wanaendelea. Fungua hiyo 90. Vipande 85 wote wamesema hakuna kukatizana, vipande 5 wote wamesema kupo, vipande 10 wamepishana, 5 huku na 5 kule. Kwakuwa kukatizana ni nadra, hata wangebahatisha wakiwa wamefumba macho wangekubaliana asilimia 82. Kapa ya Jacob Cohen ya mwaka 1960 inaondoa hiyo bahati, na inabaki 0.44. Kutoka 90 mpaka 0.44. Na ukiangalia vizuri 0.44 ndo inasema ukweli, kwasababu kwenye kile mnachokitafuta, kukatizana, wamekubaliana mara 5 na kupishana mara 10.

Kapa au alfa ya Krippendorff? (Hii ni alfa nyingine, haina undugu na ya Cronbach, majina tu yanachanganya.) Kwenye mfano huo Krippendorff inatoa 0.45, karibu sawa kabisa. Tofauti inakuja kazi ikiwa ngumu. Kapa ya Cohen ni ya watu wawili, data imekamilika, makundi ya majina tu yasiyo na ngazi, kama kupo au hakuna. Ukiwa na wasimbaji watatu au wanne, au mmoja aliugua akaacha vipande thelathini, au mnatumia ngazi ya 1 mpaka 5, Krippendorff inabeba yote hayo. Hayes na Krippendorff waliandika 2007 kutetea iwe ndo kipimo cha kawaida kwenye fani hii, na mimi nawaunga mkono, ukijifunza hiyo moja umemaliza. Krippendorff anataka 0.80, na kati ya 0.667 na 0.80 anaruhusu hitimisho la tahadhari tu. Lile jedwali la Landis na Koch la 1977 linalosema 0.41 mpaka 0.60 ni ya wastani lilipangwa na wenyewe kwa kukadiria, usijifiche nyuma yake.

Kama wasimbaji wanatoa alama zinazoendelea, mfano joto la mazungumzo 1 mpaka 7, rudi kwenye ICC. Na mwisho wa siku kama kila video itatazamwa na mtu mmoja tu, ripoti ICC ya mtu mmoja, usiripoti ya wastani wa wanne kwasababu ni kubwa zaidi.

Ile 0.70

Watu wanaitaja kama sheria. Inatajwa kutoka kwa Nunnally, kitabu cha 1978, na yeye mwenyewe alisema 0.70 inatosha hatua za mwanzo za utafiti, utafiti wa kawaida alitaka 0.80, na kama unafanya maamuzi juu ya mtu mmoja mmoja alitaka 0.90 kama kima cha chini. Wengi wanakopi ya kwanza tu.

Uone tofauti kwa mtu halisi. PRCA nzima inaanzia 24 mpaka 120, tuseme alama zinatawanyika kwa mchepuko (umbali wa kawaida kutoka kwenye wastani) wa 15 hivi. Mtu kapata 80. Kuaminika kukiwa 0.90, alama yake ya kweli iko kati ya 71 na 89 hivi. Kukiwa 0.70, iko kati ya 64 na 96, yaani huyo mtu anaweza kuwa wa kawaida kabisa au mwoga kupindukia na hujui. Ukilinganisha makundi ya watu mia mbili 0.70 inavumilika. Ila mshauri nasaha wa shule anayetaka kumpeleka mtoto kwenye programu maalumu kwa alama hiyo, hapana, asifanye.

Kwahiyo wewe uchukue ipi

Dodoso la kauli nyingi, mara moja tu, kulinganisha makundi: omega kwa kila sehemu, alfa pembeni, baada ya fakta. Unapima tabia ya kudumu au una swali moja: tafuta hata watu arobaini hamsini uwarudie, ICC. Kabla na baada ya mafunzo: omega na ICC zote mbili, maana bila kujua alama zinavyoyumba zenyewe hutajua mafunzo yamefanya nini. Video na sauti: Krippendorff, au ICC kwa alama zinazoendelea, na wasimbaji wafanye kila mtu peke yake, wasikae meza moja wakinong'onezana.

Wanandoa nawaweka peke yao. Ukikusanya mume na mke usiwachanganye kwenye faili moja ukapiga omega ya watu 200, majibu yao yamefungamana. Piga ya wake peke yake, ya waume peke yake. Na mume na mke wakitofautiana kuhusu ndoa yao usiseme kipimo hakiaminiki, yawezekana ndoa ile wanaiishi tofauti, na hiyo tofauti ndo utafiti wako.

Mdogo wangu alikwenda kwenye kikao. Ile kauli ya "siogopi" aliibakiza, akaieleza, na namba aliyoripoti ilikuwa imevuka 0.70 kidogo. Msimamizi wake hakubishana na namba, alimuuliza tu kama ana uhakika hao akina mama waliojaza dodoso wanaogopa. Akarudi mtaani, akakaa na wanane kati yao, akawasomea kauli moja moja na kuwauliza walikuwa wanawaza nini walipojibu. Mmoja kwenye "Naogopa kutoa maoni kwenye mazungumzo" alikuwa amejibu nakubali kabisa, na kwenye zile kauli za upande wa pili amejibu kwa kulingana kabisa, majibu yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya wengi, aina ya mhojiwa anayepandisha alfa. Akamwambia: "Mimi mwanangu siogopi mtu. Ila pale nilikuwa nawaza nikiwa na baba mkwe, na mbele yake siwezi kuanza kusema yeye hajasema." Watatu kati ya wanane walisema kitu cha namna hiyo. Tuliongeza sura nzima kwenye tasnifu kuhusu kuona haya na heshima, na dodoso la sasa hivi linataja kwanza unaongea na nani, rika lako, mgeni au mkubwa wako, ndo linauliza kama una wasiwasi.